Ukuta wa Pili

Landhi za Reli, Nakuru, 1957

Jumatatu, 1 Aprili

Daftari hili ni la hesabu ya nyumba. Mume wangu Khaemba alilileta jana akaliweka mezani na kusema, "Wewe ndiye uliyesoma, shika kalamu." Mimi nilifika darasa la sita kwenye shule ya misheni ya Wafrenzi. Yeye aliacha la nne akakimbilia reli. Basi hesabu nitaiweka kurasa za kulia, na huku kushoto nitaandika ninavyotaka. Hatasoma. Mtu akishinda kwenye injini tangu alfajiri harudi na macho ya kusoma.

Tumepewa ploti kule lokesheni, mtaa wa Waafrika, upande wa kuteremkia ziwani. Masharti ni nyumba ya mawe, na iwe imeezekwa kabla Septemba haijaisha. Ikikosa paa, ploti anapewa mwingine. Akiba yetu posta ni shilingi 2,900. Hiyo ndiyo miaka yote ya Khaemba ya ufaiamani, ya kuchochea moto wa injini za treni.

Nina mimba. Nitajifungua Agosti. Wamalwa wetu alikufa Januari, alikuwa ametimiza miaka miwili. Nimeandika sentensi hiyo nione kama nitalia. Sikulia.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua ya kwanza. Landhi, hiki chumba chetu cha reli, inavuja palepale, juu ya miguu ya kitanda.

Jumamosi, 6 Aprili

Fundi amekuja. Anaitwa Ndung'u, mtu wa maneno mengi na kofia moja. Alitandaza karatasi ya simiti chini ya mwanga wa mlango akachora nyumba kwa penseli ya seremala. Sebule, chumba cha kulala, jiko nyuma. Hapo hakukuwa na neno. Kisha Khaemba akaweka kidole chake kwenye ncha ya mchoro.

"Hapa nataka chumba cha tatu. Mlango wake utazame barabara. Kisiwe na mlango wa kuingilia kwetu."

"Sawa, mzee. Ukuta huu wa chumba chenu utakuwa ndio ukuta wake."

"Hapana. Kiwe na ukuta wake. Na paa lake, lishuke chini kidogo ya letu."

Ndung'u alimtazama, akanitazama mimi. "Mzee, kuta mbili mgongo kwa mgongo? Mawe si mahindi, hayaoti. Ukuta mmoja unatosha vyumba viwili. Hata Mzungu mwenye shamba Mau Narok hajengi hivyo."

"Nataka ukuta wake na paa lake."

"Ni cha mpangaji?"

"Ni cha mtu."

"Hata mpangaji ni mtu," Ndung'u akasema, akachora.

Tumepiga hesabu. Mawe na msingi 900. Simiti na mchanga 520. Mabati na mbao 780. Milango na madirisha 340. Fundi na vibarua 560. Jumla 3,100. Tuna 2,900. Nimeitazama hesabu hiyo mara mbili. Ule ukuta wa pili na lile paa la peke yake vinakula 260. Vikitoka, pesa zinatosha na zinabaki. Nimemwambia Khaemba. Amesema atafanya kazi Jumapili.

Basi tutajenga chumba cha mpangaji. Kila anayejenga lokesheni anaweka mpangaji mmoja, sikatai. Ila mtoto ana miezi mitatu ardhini na mwenzangu anawaza kodi, tena anamjengea mpangaji ukuta wa heshima asisikie tukikohoa.

Jumanne, 9 Aprili

Nimefua. Nimepika. Jepchumba wa chumba cha pili ameleta maziwa. Zamani alikuwa akiniita Mama Wamalwa. Sasa hajui aniite nani, ananiita "wewe". Simlaumu. Hata mimi sijui.

Ijumaa, 19 Aprili

Ijumaa Kuu. Sikwenda kanisani. Nimekaa kitandani nikisikiliza mvua, na kwa kuwa sina la kufanya nitaandika habari ya Januari, mara moja, nisiirudie.

Kwetu Wabukusu, mama wa mke na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali mahali pamoja, na kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo hata kulitaja ni aibu. Mmoja akiwa njiani, mwingine hupita vichakani. Mwanamume mwenye adabu hataji hata jina la mama mkwe wake. Akiwa na neno naye, humtuma mtu. Ndiyo heshima, tumezaliwa tukaikuta.

Landhi yetu ni chumba kimoja chenye pazia.

Wamalwa aliposhikwa na homa nilimwambia Khaemba, "Mwite mama." Mama yangu yuko Kimilili, treni inamleta kwa siku moja. Amelea watoto wengi, wa kwake na wa wenzake, anajua homa ya kungoja na homa ya kukimbiza. Mimi sikujua. Khaemba alikaa kwenye stuli, buti bado ziko miguuni. Kisha akasema, "Atalala wapi?"

Hakusema lingine. Alivaa koti akarudi kazini. Mimi nilikuwa nikimkanda mtoto kwa maji ya baridi, nikiambiwa na kila jirani dawa yake. Kabla ya Jumapili Wamalwa alikuwa amekwenda, na mama alipata habari wakati kaburi limeshafunikwa.

Sikumgombeza Khaemba. Sikulia pia. Watu walisema nina moyo mgumu. Sina moyo mgumu, nina maneno mawili tu yamekaa pale moyo ulipokuwa. Atalala wapi.

Jumatatu, 22 Aprili

Msingi umechimbwa. Khaemba alipewa siku ya Pasaka akaenda kuchimba mwenyewe sehemu ya chumba cha tatu, vibarua wakimtazama. Alirudi na udongo mpaka masikioni.

Wakati wa kula ameniuliza, "Kitanda cha mtu mfupi kinataka futi ngapi?"

"Wapangaji wafupi wanalipa zaidi?" nikamjibu.

Amemaliza ugali wake akanawa.

Jumatano, 8 Mei

Lori la mawe limezama kwenye matope njiani kutoka machimboni. Mwenye lori anataka nyongeza ya senti tano kwa kila jiwe mpaka barabara ikauke. Barabara itakauka Agosti. Nimeandika kurasa za kulia: mawe, ongeza 75.

Khaemba kasema tutalipa. Kila kitu kwake ni "tutalipa". Mwezi huu amefanya kazi Jumapili zote. Akija, ananuka mafuta mazito ya injini na analala kabla sijatoa sufuria mekoni.

Alhamisi, 9 Mei

Ndung'u hakuja. Pasi yake ya Hali ya Hatari, ambayo Mkikuyu hatembei bila hiyo, imeshikwa kituo cha polisi.

Ijumaa, 10 Mei

Hakuja.

Jumatatu, 13 Mei

Amekuja. Hakusema walimfanya nini, na leo kutwa hakupiga domo. Aliweka mawe tu. Nilimpelekea uji, akaunywa amenipa mgongo. Nimegundua kwamba mtu wa maneno mengi akinyamaza, hata nyundo yake inasikika tofauti.

Ijumaa, 17 Mei

Kozi ya tatu ya mawe, mstari juu ya mstari. Mvua kutwa.

Nikienda ploti napita njia ya sokoni, ingawa ni ndefu. Njia fupi inapita makaburini.

Jumapili, 26 Mei

Khaemba amemwambia Ndung'u aache mahali pa mafiga ndani ya chumba cha tatu, na kitundu cha moshi juu yake. Ndung'u, ambaye mdomo wake umerudi, akauliza mpangaji gani wa mjini anapikia mafiga badala ya jiko la makaa.

"Wako wanaopenda kuni," Khaemba akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya rundo la mawe, tumbo limenielemea. Nilimtazama mume wangu nikaona mtu anayempangia mgeni asiyemjua moto wa kuota, na mimi nikijifungua nitawashiwa moto na nani? Jepchumba ana watoto wake watano. Nilijifungua Wamalwa peke yangu, na mkunga wa dispensari aliyekuwa na haraka. Huyu naye atakuja hivyo hivyo. Nilitaka nimwambie. Nikaona uvivu wa kufungua mdomo.

Jumatatu, 3 Juni

Khaemba amepelekwa Eldoret kushika nafasi ya faiamani mgonjwa. Atakaa huko mpaka mwezi wa saba. Ameniachia kitabu cha posta na pesa za mkononi, akasema, "Fuata mchoro."

Makokha ndiye aliyembebea sanduku. Makokha ni gadi, msimamizi wa treni za mizigo, ana chumba landhi za nyuma, na ni mtu wa ukoo wangu mimi, kwa hiyo namwita kaka. Alikuwa na furaha isiyo na sababu. "Dada, nyumba yenu itasemwa mpaka Kimilili," akasema. Nilimwambia nyumba haijafika hata madirishani.

Jumanne, 11 Juni

Leo nimefanya jambo na nimelifanya vizuri, kwa hiyo nitaliandika kwa urefu.

Asubuhi Ndung'u alinionyesha mawe yaliyobaki. Kuta za nyumba kubwa zilikuwa zimefika madirishani. Ukuta wa pili, ule wa mgongo kwa mgongo, ulikuwa na kozi moja tu juu ya msingi, kama mtu aliyeanza kusema akaghairi. Bwana wa halmashauri naye alipita jana kukagua. Amesema bila choo cha mawe nyumba haitapewa cheti hata ikiwa na paa la dhahabu. Choo hatukukiweka kwenye hesabu. Hakuna aliyekikumbuka, si Khaemba, si mimi, si Ndung'u ambaye ni kazi yake kukumbuka.

Nilikaa chini na daftari hili. Mawe yamepanda. Choo ni shilingi 140 mpya. Sakafu ya sebule kwa mchoro ni ya udongo, na mtoto atatambaa hapo. Upande mmoja kuna choo na sakafu. Upande wa pili kuna ukuta ambao mpangaji anautaka ili asitusikie.

"Ndung'u," nikasema, "chukua mawe ya ukuta huo ujenge choo. Chumba cha tatu kiegemee ukuta wetu. Paa liwe moja, lipite juu ya vyumba vyote. Kinachobaki nunua simiti ya sakafu."

Alivua kofia. "Mama, mzee alisema mara mbili. Alisema ukuta wake na paa lake."

"Mzee yuko Eldoret. Anayekulipa Jumamosi ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi."

"Mimi nilisema tangu mwanzo," Ndung'u akasema, na kweli alifurahi, maana hakuna fundi asiyependa kuambiwa alikuwa na haki. "Lakini usije ukasema ni mimi."

Kufikia saa kumi walikuwa wameng'oa ile kozi. Nilisimama nikawatazama wakiyabeba mawe nyuma ya nyumba, moja moja. Nilingoja nisikie kitu, furaha au hofu. Nilisikia njaa. Nimenunua mahindi ya kuchoma njiani.

Kurasa za kulia sasa zinasoma vizuri. Khaemba atakuta nyumba iliyoisha, choo, sakafu ya simiti, na shilingi zimebaki. Aseme nini?

Jumamosi, 22 Juni

Mabati yamepanda juu. Paa moja refu, limenyooka. Watu wanaopita kwenda ziwani wanasimama kulitazama.

Jumanne, 25 Juni

Mvua ya mawe. Kule ploti hakuna tone lililoingia. Huku landhi, palepale.

Jumatano, 3 Julai

Mtoto anacheza sana. Nimemwambia atulie. Ndilo neno la kwanza nililomwambia tangu Januari.

Jumamosi, 6 Julai

Nitaandika polepole.

Makokha alipita na treni ya mahindi kutoka Bungoma, akaja landhi saa za chai. Aliniletea kuku, ndizi na salamu. Alikaa kwenye stuli ya Khaemba akakunja miguu, akasema, "Sasa, dada, mama anauliza, aje na treni ya mwisho wa mwezi huu au ya mwanzo wa Agosti? Mahindi yake atamwachia shemeji."

"Mama yupi?"

"Mama yako."

"Aje wapi?"

Makokha alicheka. "Kwani wapi? Kwenye nyumba yake. Mume wako alinituma kwake tangu Machi, kabla hamjachimba hata shimo. Nilikaa kwa mama siku nzima nikimweleza. Ukuta wake, paa lake, mlango wake unatazama barabara, mafiga yake, kitanda cha kimo chake. Amewaambia wanawake wote wa kanisa. Anasema mkwe wake amemjengea boma mjini bila kuvunja heshima. Alilia, dada. Alisema, basi huyu wa sasa nitampokea kwa mikono yangu."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini.

"Hakuniambia," nikasema.

"Angekuambiaje? Azungumze nawe kitanda cha mama yako? Hiyo ilikuwa kazi yangu, nami nilidhani umeuona ukuta ukaelewa. Mtoto wa Kibukusu gani anaona kuta mbili na mapaa mawili asijue ni nyumba ya mkwe?"

Mimi. Mimi ndiye huyo mtoto wa Kibukusu. Niliona ukuta nikaona mpangaji. Niliulizwa kitanda cha mtu mfupi, na mama yangu akisimama ananifika begani. Nilionyeshwa mafiga, na mama yangu hajapikia makaa tangu azaliwe. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walituimbisha shuleni, nami nilikuwa naimba kwa sauti kuliko wote.

Makokha alipoondoka nilikwenda ploti. Nilipita njia fupi, ya makaburini, kwa sababu sikufikiri. Nilikipita kile kilima kidogo chenye msalaba wa mbao na sikusimama. Nilifika nikazunguka nyumba. Paa ni moja. Nikaenda nyuma nikasimama mbele ya choo. Ndung'u amekijenga vizuri mno, mawe yote yamechongwa, pembe zimenyooka. Ukuta wa mama yangu umekuwa choo.

Sikulia. Nilijaribu, haikuja.

Jumatatu, 8 Julai

Nimemuuliza Ndung'u gharama ya kurudisha. Kukata paa, kujenga ukuta upya, mbao mpya, mabati mapya. Kaniambia bei. Tuna shilingi 31. Nimemwambia asahau.

Jumapili, 14 Julai

Khaemba amerudi jana. Hakuja landhi kwanza, alipitia ploti, sanduku liko mkononi. Nilikuwa huko nikifagia vumbi la simiti. Nilimwona akisimama barabarani, akitazama paa kutoka ncha hadi ncha. Kisha akaingia uwanjani akazunguka nyumba polepole, mkono mmoja ukipita ukutani. Alipofika pale kuta mbili zilipopaswa kuachana aliweka kiganja chake kwenye jiwe akakiacha hapo. Akaenda nyuma. Akarudi.

"Choo kizuri," akasema.

Nimeolewa naye miaka minne na sijawahi kuogopa sauti yake. Ile haikuwa ya hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka ambaye ametafuta neno la adabu akalipata hilo.

"Makokha aliniambia," nikasema. "Wiki iliyopita. Nilikuwa nimeshajenga."

Aliketi juu ya sanduku lake. Nami nikaketi kizingitini, maana miguu imevimba.

"Nilidhani ni cha mpangaji."

"Mpangaji," akasema, kama mtu anayeonja chakula asichokijua.

"Mbona hukuniambia? Hata kwa fumbo?"

"Niliuliza habari ya kitanda. Nilisema habari ya kuni. Ningesema nini tena, nipige tarumbeta? Nilikuwa naona aibu hata kwa hayo." Alivua kofia ya reli akaitazama ndani. "Januari ulisema mama aje. Nikauliza atalala wapi. Nilikuwa nauliza kweli. Nilikwenda kazini nikiwaza, atalala wapi, atalala wapi, njia nzima mpaka Timboroa. Sikupata jibu. Nikaona basi nijenge jibu."

"Ungelala kwa Makokha," nikasema. Nililisema bila kulipanga. Lilikuwa limekaa siku zote nyuma ya yale maneno mawili. "Ungelala kwa Makokha, mama alale landhi. Januari. Ungelala hata kwenye behewa."

Alizungusha kofia mikononi.

"Sikujua ni haraka," akasema. "Nilidhani ni homa. Watoto wanashikwa na homa. Kama ningejua ningelala juu ya reli yenyewe, mama Wamalwa, treni zipite."

Hakuna aliyeniita hivyo tangu tulipozika. Alilisema, na uso wake ukavunjika, na mwanamume huyu ambaye nilikuwa nimemwandika humu kama mtu anayewaza kodi tu alilia mbele ya nyumba yake, akiwa ameketi juu ya sanduku, saa saba mchana, watu wakipita kwenda ziwani. Mimi nilimtazama. Nilisikia kitu, kwa mbali, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi. Kilinichoma kidogo kikaacha.

Tulirudi landhi. Nikapika.

Jumanne, 16 Julai

Khaemba amesema, akifunga buti, "Tutahamia nyumba ile mimi na wewe, tulale usiku mmoja, maana nyumba mpya haiachwi bila mwenyewe. Kisha mimi nitarudi huku landhi. Chumba bado ni changu, ni cha kazi. Mama atakaa nawe chini ya lile paa. Mimi sitakuwa chini yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukuta upatikane."

"Landhi inavuja."

"Najua inapovujia," akasema.

Jumamosi, 27 Julai

Tumehama. Vitu vyetu vimejaa mkokoteni mmoja. Jepchumba alinisindikiza na maziwa. Tumelala. Hakuna kilichovuja. Khaemba hakupata usingizi, alikuwa akigusa ukuta.

Jumapili, 28 Julai

Amerudi landhi na blanketi moja.

Jumamosi, 3 Agosti

Mama amefika. Makokha alimshusha kutoka mabehewa ya nyuma, Khaemba akiwa mbele kwenye karakana, wasije wakakutana jukwaani. Ni mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Alisimama barabarani akatazama paa. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza, lakini alisema tu, "Ni moja," kwa sauti ya mtu anayehesabu mbuzi. Nikamwambia mwenye nyumba halali hapa. Akadhani ni safari za treni, akaingia akakagua mafiga.

Jioni kulikuwa na kikohozi nyuma ya uzio. Nilipotoka nilikuta juu ya mawe chupa ya mafuta ya taa na sukari ratili mbili. Khaemba alikuwa ameshageuka, namwona mgongo ukienda.

Jumatano, 7 Agosti

Kikohozi. Kuni.

Ijumaa, 9 Agosti

Kikohozi. Nyama. Nimemfuata mpaka kwenye kona tukasimama kidogo. Shati lake lina maji mabegani.

Jumatano, 14 Agosti

Ni msichana. Mama alimpokea kwa mikono yake, kwenye chumba cha tatu, moto ukiwaka. Nilipiga kelele nikasikia sauti yake ikisema nisikimbie, yuko hapa. Mkunga wa dispensari alikuta tumeshamaliza. Ataitwa Nekesa, kwa kuwa kule nyumbani wanavuna.

Khaemba alisimama barabarani tangu asubuhi ametazama upande wa ziwa. Nilimtuma Jepchumba amwambie. Kanieleza alivua kofia akaivaa tena, akavua tena.

Jumamosi, 24 Agosti

Mvua kubwa tangu mchana, tulidhani msimu umekwisha. Mabati yalipiga kelele mpaka hatukusikiana. Mama alikuwa amemshika Nekesa karibu na moto. Kikohozi kikaja nyuma ya uzio, nikatoka na gunia kichwani. Alikuwa ameleta unga. Ameloa mpaka buti zinalia. Nilimwambia asimame chini ya upenu wa paa mvua ipungue. Akasema, "Paa ni lile lile," akaenda.

Nilirudi ndani. Mama alikuwa akitazama mlango niliotokea.

"Si safari za treni," akasema.

"Si safari."

Alimtazama mtoto. Akatazama ukuta wa upande wetu, ule mmoja. Kwetu mwanamke hamtaji mkwe wake kwa mambo ya namna hii, na mama yangu ni mtu wa adabu kuliko wote ninaowajua. Nilimwona akilimeza neno, likarudi, akalimeza tena. Kisha akauliza, polepole, macho yakiwa motoni.

"Na yeye, analala wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, landhi, mama, kule kunakovuja. Halikutoka. Nilikaa chini kwenye sakafu ya simiti nikalia. Nililia mvua ikipiga, nikamlilia Wamalwa kwa jina lake, nikamlilia yule aliyekaa kwenye stuli Januari na buti miguuni akauliza swali hilo hilo, nami nikadhani ananinyima. Mama hakunibembeleza. Alimweka Nekesa upande mmoja wa paja lake, akaniweka kichwa upande wa pili.

Jumatatu, 2 Septemba

Khaemba amepata mshahara na pesa za Jumapili. Zinatosha mawe na kukata paa. Mbao na mabati ya paa dogo vitatafutwa.

Ndung'u amekuja na kamba yake. Alisimama pale pale penye kozi aliyoing'oa, akatikisa kichwa. "Mama, kuta mbili tena? Nyinyi watu hamjui mnalotaka. Nisikie vizuri leo, hiki chumba ni cha mpangaji au ni cha nani?"

"Ni cha mama yangu," nikasema.

Alitandaza kamba, nami nikamshikia ncha.